Zamu, Mtoto na Wimbo: Kwa Nini Tusimlaumu Muuguzi wa Ughaibuni

Katika vikao vya chama chetu kuna lawama moja isiyokosa kutolewa kila ifikapo Julai 7, siku ambayo tangu mwaka 2022 huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mashairi yakishaghanwa na hotuba zikishasomwa, husimama mwenzetu mmoja akatangaza kwamba wanaoiua lugha ni Wakenya waishio ng'ambo. Hutolewa mfano wa muuguzi au daktari aliyerudi Krismasi na watoto wasiojua hata kumwamkia nyanya yao. Ukumbi hucheka, kisha hupiga makofi. Mimi mwenyewe nimepata kuyapiga makofi hayo. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini sitayapiga tena, na kuwaomba wanafunzi wenzangu pamoja na wahadhiri wetu wautazame upya mzigo tunaomtwika mtu ambaye tayari amelemewa.

Rai yangu ni nyepesi kuisema, ingawa imenichukua muda kuifikia. Mzazi anayeendelea na mafunzo ya tiba katika nchi ya watu huwa na mambo manne yanayogombania saa zake: kazi na mafunzo yenyewe, malezi, asili yake, na vile vitu vidogo avipendavyo, mathalani kuimba, kucheza ngoma, kulima bustani au kutunga mashairi. Saa zisipotosha, cha kwanza kutupwa ni hicho cha mwisho, maana huonekana kuwa anasa. Nashikilia kwamba aghalabu hicho ndicho kilichokuwa kimeibeba lugha, na kikitupwa huanguka nayo. Nasi tunaojiita watetezi wa Kiswahili tumelichangia kosa hilo, kwa kumwaminisha mzazi kuwa kumrithisha mwanawe lugha ni zamu nyingine, yenye ratiba na daftari, ya kufanywa baada ya zamu ya hospitalini.

Shuleni tulifundishwa kuviita vitu hivyo avipendavyo mtu 'uraibu'. Ni neno lenye mashaka. Ndilo hilo hilo tunalolitumia kwa mtu asiyeweza kuacha tumbaku au pombe, na huenda ndiyo sababu muuguzi mwenye watoto akiulizwa kuhusu uraibu wake huona haya, kana kwamba ameulizwa habari za chupa. Nitalitumia hata hivyo, maadamu sina jingine linalofahamika na wengi hapa kwetu.

Suala hili haliko mbali na sisi tulio Lurambi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, hufundisha uuguzi na udaktari katika uwanja ule ule ambamo sisi hujifunza fonolojia na ushairi. Hospitali ya rufaa ya kaunti imo mjini Kakamega, na huko Mukumu wauguzi wamekuwa wakifunzwa kwa miaka mingi. Tunapanga nyumba pamoja na wanafunzi hao huko Sichirai, na pia Kefinco, mtaa ambao jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya mradi wa maji wa Kenya na Ufini. Twajua basi jinsi mazungumzo yao yanavyobadilika wanapofika mwaka wa nne. Awali huulizana habari za mitihani. Baadaye huulizana habari za viza.

Mwezi Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi katika Huduma ya Taifa ya Afya ya huko. Oktoba ya mwaka huo huo, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wahudumu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio waliofaulu. Nchi ilicheka. Naona habari hiyo ilistahili kutufikirisha sisi wa idara za lugha kuliko mtu mwingine yeyote. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza huwataka wanaofanya mtihani wa IELTS wapate alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Waliozikosa alama hizo ni watu waliofunzwa kwa Kiingereza tangu utotoni, wengine wakivishwa kibao shingoni kila waliponaswa wakisema lugha ya mama. Walinyang'anywa lugha moja kwa ahadi ya kupewa nyingine, na ahadi yenyewe haikutimizwa. Je, mtu wa namna hiyo apandapo ndege, hiyo lugha tunayodai anaitupa huko alikuwa nayo kwa kiasi gani?

Wala si Uingereza tu. Mwaka 2018 serikali iliwapeleka madaktari 50 Cuba kusomea shahada ya uzamili ya udaktari wa familia, huku madaktari 100 wa Cuba wakija kuhudumu katika kaunti zetu. Waliokwenda walikuwa watu wazima, miongoni mwao wazazi, na masomo yenyewe yalikuwa katika nchi ya Kihispania. Jina 'udaktari wa familia' lina kinaya chake hapa, kwani haukupita muda mrefu kabla ya kusikika malalamiko kuhusu posho, makazi na ugumu wa kuja nyumbani kuziona hizo familia. Machi 2019 mmoja wao alifariki huko huko. Sitaki kukigeuza kifo cha mtu kuwa hoja. Ninachokumbuka ni mijadala ya miaka ile: tarakimu za mishahara zilitajwa sana, gharama zilitajwa sana, kwamba saa za masomo mapya katika lugha mpya zilikuwa zikikatwa kutoka kwenye saa za watoto wa mtu, hilo lilitajwa kwa nadra.

Niruhusuni sasa nitoe mfano wa nyumbani, kwa kuwa ndio ulionigeuza.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Aliondoka Kakamega mwaka 2022 kwenda kaskazini mwa Uingereza, akawaacha kwa mama yetu, huku Butsotso, binti wa miaka saba na mvulana wa miaka mitatu. Miezi ya kwanza ilikuwa ya mtihani wa vitendo ambao kila muuguzi kutoka nje hupaswa kuupita kabla ya kusajiliwa: vituo 10, kila kimoja na saa yake, na mtahini aliyesimama pembeni bila kutabasamu. Mtu aliyekuwa amezalisha wanawake katika giza la kupotea kwa umeme alilazimika kujifunza upya namna ya kunawa mikono mbele ya watu. Halalamiki juu ya hilo. Anasema mtihani ulikuwa wa haki. Aliupita, watoto na shemeji yangu wakamfuata mwaka 2023. Katika hilo alibahatika, kwani tangu Machi 11, 2024 wahudumu wa matunzo ya wazee walizuiwa kwenda Uingereza na watoto wao, ingawa wauguzi hawakuguswa na katazo hilo.

Zamu yake ni ya saa 12 na zaidi. Hutoka kabla ya watoto kuamka, hurudi wakiwa wamelala. Shemeji hufanya kazi usiku katika bohari, ili asubuhi awepo wa kuwapeleka shule. Mwaka 2024 dada alianza mafunzo ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, na siku za mapumziko zikawa siku za kuandika insha za masomo. Sisi huku tulikuwa tukimpigia simu Jumamosi na kumuuliza mbona watoto hawasemi Kiswahili. Nami nilikuwa mstari wa mbele. Nilimtumia nakala za vitabu vya sarufi vya darasa la nne. Nilimwandalia hata ratiba: dakika 40 za Kiswahili Jumamosi, dakika 40 Jumapili. Aliniambia 'Asante, ndugu yangu', na kwa muda wa mwezi mzima hakupiga simu.

Nilipokwisha kukasirika nilianza kuuliza, na nilichogundua kilinishangaza, ingawa hakikupaswa kunishangaza mimi ninayesoma isimujamii. Mtoto hajifunzi lugha ya nyumbani kwa kusemeshwa peke yake. Huiokota pia kwa kuwasikiliza wakubwa wakisemezana: baba na mama wakibishana kuhusu kodi, wakimsengenya jirani, wakicheka jambo ambalo yeye halielewi na angetamani kulielewa. Dada ni Mtsotso, shemeji ni Mmaragoli. Walipokuwa Lurambi lugha yao jioni ilikuwa Kiswahili kilichochanganyika na vipande vya huku na huku. Huko walikofika, yeye hufanya kazi mchana na mumewe usiku. Mazungumzo yao yamekuwa karatasi zilizobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Si kwamba watoto waliacha kukisikiliza Kiswahili. Kiswahili kilikuwa hakisemwi tena mbele yao. Hakuna ratiba ya dakika 40 inayoweza kuziba pengo hilo.

Tena, ukweli usemwe, sehemu ya hasara hii haikutokea Uingereza. Yule binti aliondoka hapa akiwa na miaka minane bila kuweza kusema sentensi tatu mfululizo za Olutsotso. Alikuwa amesoma katika shule ya binafsi mjini ambako mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama aliadhibiwa, na ambako Kiswahili chenyewe kilikuwa na siku zake mbili kwa wiki, kama vile mboga za kienyeji katika orodha ya chakula cha bweni. Ripoti ya Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kuwa watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafunzwe kwa lugha inayotawala katika eneo lao. Ni nani kati yetu, hapa Lurambi, aliyewahi kumwona mzazi akienda kulalamika shuleni kwamba pendekezo hilo halifuatwi? Tulilipa karo, tukafurahi mtoto aliposema shairi la Kiingereza mbele ya wageni. Mwenzetu aliyeondoka na mtoto huyo amelaumiwa kwa nyumba iliyoanza kuvuja angali kwetu.

Katika wodi yake dada anafanya kazi na muuguzi kutoka Ufilipino, mwanamke wa makamo mwenye watoto watatu. Wafilipino wametangulia mbali katika safari hii. Wamekuwa wakienda kuuguza Marekani tangu katikati ya karne iliyopita, na hivi leo ni miongoni mwa makundi makubwa ya wauguzi wa kigeni nchini Uingereza. Desemba 8, 2020, chanjo ya kwanza ya UVIKO-19 nchini Uingereza nje ya majaribio ilipotolewa mjini Coventry, aliyeshika sindano alikuwa May Parsons, muuguzi mzaliwa wa Ufilipino. Hali yao ya lugha inafanana na yetu kiasi cha kutia hofu. Katiba yao ya mwaka 1987 inatambua Kifilipino, kilichojengwa juu ya Kitagalogi, kuwa lugha ya taifa, na Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja nacho. Ya kwetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inasema takriban hayo hayo kuhusu Kiswahili na Kiingereza. Chini ya lugha hizo mbili, huko kama huku, kuna lugha nyingi za wenyeji. Mwenzake dada ni Mwilokano wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Kitagalogi alikipata shuleni, kama vile Mtsotso apatavyo Kiswahili sanifu.

Nilimwomba dada amuulize amewezaje. Nilitarajia mbinu ya ufundishaji. Jibu lililoletwa lilikuwa kwamba hajaweza sana: mtoto wake wa kwanza hajui Kiilokano, na Kitagalogi hukielewa vizuri zaidi anapokaripiwa. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuliacha hata katika mwaka wake mgumu wa mafunzo, nalo ni kucheza ngoma. Mara moja kwa mwezi Wafilipino wa mji ule hukodi ukumbi wa kanisa, hupika, na hucheza ile ngoma yao ya kuruka kati ya mianzi miwili inayogonganishwa, ambayo mchezaji akichelewa kidogo hubanwa kifundo cha mguu. Watoto huja kwa ajili ya mianzi. Wakiwa hapo huwasikia mama zao wakiitana, wakicheka na kusutana jikoni kwa lugha zao. Alipoulizwa kama haoni kuwa anapoteza Jumapili yake ya mapumziko, alijibu kwamba hayo ndiyo mapumziko yake. Hakwenda pale kwa ajili ya watoto. Alikwenda kwa sababu anapenda ngoma, na watoto walifuata.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dada yangu alikuwa mwimbaji. Nimesema 'nilipokumbuka' na ninaona aibu kuandika hivyo. Kwa miaka kumi alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, na kwenye arusi na matanga ndiye aliyeanzisha nyimbo za Kiluhya ambazo vijana hawakuzijua maneno. Binti yake alikulia chini ya viti vya mazoezi. Nyimbo ndizo zilizokuwa chuo cha mtoto yule cha Olutsotso, kwa vile shule na nyumba hazikuwa. Dada alipokwenda ng'ambo aliacha kuimba mara moja, bila hata kujiuliza. Alihesabu saa akaona kwaya haina nafasi. Sote tulimsifu kwa kuwa mtu wa maana aliyeweka mbele masomo na watoto. Nasi tukamtumia vitabu vya sarufi vijaze pengo.

Neno letu 'ughaibuni' lina asili katika 'ghaibu', hali ya kutokuwepo au kutoonekana. Lakini twasema pia kwamba mtu amehifadhi jambo kwa ghaibu, yaani bila kutazama kitabu. Wahadhiri wa etimolojia watanisahihisha nikivuka mpaka; mimi naona neno hilo linafundisha zaidi ya vikao vyetu vingi. Lugha anayoweza kwenda nayo mtu mahali ambako wenziwe hawapo ni ile aliyonayo kwa ghaibu: wimbo, kitendawili, utani, sala, kisa cha fisi. Ngeli hazimo katika mzigo huo, ingawa mimi ninazipenda na nimezifanyia mtihani mara nyingi.

Mwishoni mwa mwaka 2024 dada na Wakenya wengine wachache, wengi wao wauguzi na wahudumu wa wazee, walianza kukutana Jumapili mbili kwa mwezi kuimba. Hawana isukuti ya kweli. Wanapiga ndoo za plastiki na kopo la biskuti. Mwidakho mmoja aliye kati yao husononeka, kwani isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka, na anasema ndoo si unusuru. Huenda amesema kweli. Matokeo ya kuimba huko si makubwa na sitayatia chumvi. Binti, ambaye sasa ana miaka kumi, bado hujibu kwa Kiingereza. Ila Jumamosi moja alichukua simu kutoka kwa mama yake akamuuliza mama yangu, anayemwita kukhu, maana ya neno fulani lililomo katika wimbo. Mama hakumwelewa kwa sababu mtoto alilitamka vibaya. Akamwambia aimbe. Mtoto akaimba mstari mzima, kukhu akamsahihisha, akaimba tena. Kabla ya hapo mazungumzo yao yalikuwa 'Umekula?' na 'Ndiyo'. Siku hiyo simu ilikaa masikioni mwao hadi chaji ikaisha upande wa huku. Mama alipoiweka mezani alisema tu kwamba mtoto ana sauti ya dadangu. Kisha akaniuliza mimi, khotsa yake, kwa nini sikuwahi kumfundisha ule wimbo alipokuwa hapa.

Najua mapingamizi yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba wimbo wa Olutsotso si Kiswahili, na jarida hili ni la Kiswahili. Ni pingamizi zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuna kizazi cha wasomi wetu kilichozoea kukitetea Kiswahili kana kwamba adui yake ni lugha za makabila. Katika nyumba kama ya dada yangu lugha hizi zinaishi au zinakufa pamoja. Kiswahili ndicho kinachomkutanisha Mtsotso na Mmaragoli, ndicho kinachotumika katika kwaya ile yenye Mluo na Mkamba ndani yake wakati wanapogombana kuhusu funguo za sauti. Mtoto anayekwenda kwa ajili ya wimbo wa Kiluhya hurudi na Kiswahili cha ugomvi, ambacho ni Kiswahili kizuri sana.

La pili ni la mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu, aliyenisikiliza akaniambia kwamba mzazi wa namna hiyo anahitaji kulala, wala si kuimba. Sina la kumjibu kikamilifu. Kuna wiki ambazo dada haendi popote, hulala, na ninaona amefanya vyema. Tena si kila muuguzi ana sauti. Mmoja wa wenzake hulima sukuma wiki katika kipande cha ardhi alichokodi kwa baraza la mji na hataki kusikia habari za kwaya. Nilimuuliza dada kama watoto wa huyo bwana humfuata shambani. Akasema hufuata, kwa sababu ya minyoo. Nasikia wanazijua mboga za kienyeji kwa majina ya Kiluhya: mrenda, tsisaga. Hatukuwafundisha sisi.

Lililobaki ni sisi. Chama kama hiki kina vijana wengi wenye simu za kurekodi, kina wahadhiri walioandika tasnifu juu ya fasihi simulizi, na kimezungukwa na Butsotso, ambako bado kuna wazee wanaosimulia. Tumekuwa tukikusanya ngano hizo kwa ajili ya mitihani. Tunazinukuu, tunazichambua fani na maudhui, tunazifungia kabatini. Mtoto wa muuguzi hawezi kulala akisikiliza uchambuzi wa maudhui. Wenzetu wa Dar es Salaam, kampuni ya Ubongo, walianza mwaka 2014 kutengeneza vibonzo vya Ubongo Kids kwa Kiswahili, baadaye Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi, na yule mvulana wa dada yangu alijifunza kuhesabu kutoka huko kuliko alivyojifunza kwangu. Hatuna uwezo wao wa fedha. Lakini kisa cha dakika kumi, kilichosimuliwa na mtu ajuaye kusimulia, kwa Kiswahili na kisha kwa Olutsotso, bila utangulizi wa mhariri na bila maswali ya ufahamu mwishoni, kinaweza kutumwa kwa simu na kusikilizwa na mtoto ndani ya gari baba anapompeleka shule akiwa ametoka kazini usiku. Hakimwongezei mzazi dakika hata moja ya kazi. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa tukitumie kwa kila mradi tunaoupendekeza kwa ajili ya watu wa ng'ambo: je, unamwongezea zamu, au unaingia katika saa aliyokuwa nayo tayari?

Ningependa pia, Julai ijayo, mtu asimame tena atoe ule mfano wa watoto wasiojua kuamkia, kisha aulizwe walisoma shule gani kabla ya kuondoka, na ni nani kati yetu aliyewahi kuwaimbia.

Kwa upande wangu nimeanza. Nina rekodi ya dakika 11 ya mama yangu akisimulia kisa cha sungura na mamba kwa Olutsotso, jogoo akiwika katikati na jirani akibisha hodi mara mbili. Nilitaka kuyakata makelele hayo. Dada aliisikiliza akiwa kwenye basi, akaniandikia niyaache, hasa hodi ya jirani. Tafsiri yake ya Kiswahili ninayo kwenye daftari, ila mimi si msimulizi. Nikisoma husikika kama ninayetoa wasilisho la semina. Natafuta mwanachama anayejua kusimulia. Nipo maktabani kila Jumatano alasiri, kwenye meza za karibu na dirisha.